Mionzi Haionekani wala Hainuki: Hivi Ndivyo Inavyotafutwa

Kwa wakazi wa maeneo ya Kilima cha Mrima, kusini mwa kaunti yetu ya Kwale, mtu anayetembea polepole akishika kifaa kinacholia tik-tik si jambo geni. Kwa miongo kadhaa watafiti wamefika huko kupima mionzi inayotoka ardhini, kwa kuwa miamba ya kilima hicho ina thoriamu, pamoja na niobiamu na madini mengine adimu. Swali ambalo hubaki wageni hao wakishaondoka ni hili: wanajuaje mionzi iko wapi, ilhali hakuna anayeiona?

Ni swali zuri, na lina uzito kuliko linavyoonekana. Mionzi ya Mrima ni ya asili, imekuwepo kabla yetu sote. Lakini kuna mionzi nyingine, ile iliyofungwa makusudi ndani ya kipande kidogo cha chuma ili itumike kazini. Hospitali huitumia kutibu saratani. Wakandarasi wa barabara wana mashine za kupima kama udongo umeshindiliwa vizuri. Viwanda huitumia kujua tangi limejaa kiasi gani bila kulifungua, na mafundi wa mabomba huitumia kukagua viungo vilivyochomelewa. Matumizi hayo yote ni halali, mradi kuna leseni. Tatizo huanza kipande hicho kinapopotea, kinapoibwa, au kinapouzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Wakati huo njia ya kukipata ni kupima, na hesabu anayoitumia mpimaji ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumwokoa mkazi aliyekikuta.

Tembe moja katika barabara ya kilomita 1,400

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Australia Magharibi mwezi Januari 2023. Kidude chenye seziamu-137, urefu wake milimita 8 na upana milimita 6, kilichomoka kutoka kwenye mashine ya kupimia iliyokuwa ikisafirishwa kwa lori kutoka mgodi wa madini ya chuma karibu na mji wa Newman hadi Perth. Safari hiyo ni ya kilomita 1,400 hivi. Lori lilifika, mzigo ukawekwa ghalani, na ni tarehe 25 Januari sanduku lilipofunguliwa ndipo ikagunduliwa kwamba mashine imelegea, bolti haipo, na kidude hakipo. Kilikuwa kidogo kiasi cha kupita kwenye tundu la bolti.

Fikiria kutafuta kitu kidogo kuliko tembe ya dawa katika njia ndefu kushinda ile ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Kwa macho haiwezekani. Hata kwa mtu anayetembea na kifaa mkononi, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hiyo ni kazi ya saa 280 bila kupumzika. Lakini kilipatikana tarehe 1 Februari, siku chache tu baada ya msako kuanza. Gari lenye vifaa vikubwa vya kupimia lilikuwa likienda kilomita 70 kwa saa vifaa vilipoonyesha kitu. Watu wakashuka na vifaa vya mkononi, wakakikuta kama mita mbili kutoka ukingo wa barabara.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kidude kidogo kwa macho hakikuwa kidogo kwa kifaa. Umbali wa mita moja, chanzo kama kile hutoa takriban maikrosiveti 1,600 kwa saa. Maikrosiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, na katika sehemu nyingi za dunia kifaa kisicho karibu na kitu chochote husoma kama 0.1 kwa saa. Ukisogea hadi mita 10, zile 1,600 hubaki 16. Mita 20, hubaki 4, ambayo bado ni mara arobaini ya kawaida. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa gari hupita mita 40 kwa sekunde mbili hivi, na kifaa kikubwa huweza kushika ongezeko hilo katika muda huo mfupi. Lakini mita 100 kutoka kwenye chanzo, kinachobaki ni karibu sawa na kile kilichopo siku zote. Ndiyo maana ilibidi waifuate barabara yenyewe. Gari lililopita barabara nyingine lisingesikia chochote.

Kwanza ijue kawaida

Hakuna mahali duniani ambapo kifaa cha mionzi hunyamaza kabisa. Mawe yana mionzi, udongo una mionzi, ndizi ina potasiamu yenye mionzi kidogo, na mingine hutoka angani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpimaji ni kusimama mahali ambapo hapashukiwi na kujua kawaida ya eneo lile. Hufanya hivyo sehemu kadhaa, maana kawaida ya mchangani kando ya bahari si kawaida ya juu ya mwamba, na ukuta wa mawe unaweza kuwa na kawaida yake.

Jambo la pili huwachanganya wengi. Milio ya kifaa haiji kwa mpangilio kama ya saa ya ukutani. Huja kama manyunyu juu ya bati: mawili pamoja, kimya, moja, kimya kirefu, matatu. Ukihesabu milio 100 dakika hii, dakika ijayo unaweza kupata 92 au 109 na hakuna kilichobadilika. Kwa kawaida tofauti hiyo hukaribia kipeuo cha pili cha idadi uliyohesabu. Kwa milio 100 ni kama 10, yaani sehemu moja kwa kumi. Ukivumilia hadi ufikishe milio 10,000, tofauti ni kama 100, yaani sehemu moja kwa mia. Anayeruka kila kifaa kinapolia mara tatu mfululizo atakimbizana na kivuli chake siku nzima. Mpimaji mzuri ana subira, na katika kazi hii subira ni chombo sawa na kifaa chenyewe.

Hesabu ya hatua kumi

Hapa ndipo penye utamu. Mimi nilisomea uandishi wa habari na hesabu haikuwa rafiki yangu, lakini hii inahitaji kuzidisha na kugawanya tu.

Mionzi kutoka kwenye chanzo kidogo hutawanyika kila upande, kama mwanga wa koroboi katikati ya ua. Ukirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili, kinachokufikia hakipungui nusu, bali hubaki robo. Umbali mara tatu, hubaki sehemu moja kwa tisa. Mara kumi, sehemu moja kwa mia.

Sasa mchukue mpimaji aliye uwanjani. Kawaida ya eneo ni 0.1. Anasimama mahali fulani, kifaa kinasoma 0.5. Anatoa ile kawaida, anabaki na 0.4. Anatembea mita 10 kuelekea upande ambao kipimo kinapanda, na sasa kinasoma 1.7. Anatoa 0.1, anabaki na 1.6. Kutoka 0.4 hadi 1.6 ni mara nne, na mara nne maana yake umbali umepungua nusu. Kama mita 10 alizotembea ndizo nusu ya umbali wa mwanzo, basi nusu nyingine iko mbele yake: mita 10. Amejua chanzo kilipo kabla hajakikaribia.

Akisahau kutoa kawaida, atagawanya 1.7 kwa 0.5 na jibu lake litakuwa karibu mita 12. Mita mbili si nyingi uwanjani, lakini sokoni zinaweza kumpeleka kwenye kibanda cha mtu mwingine.

Hesabu hiyo inataka atembee moja kwa moja kuelekea chanzo, na mara nyingi hajui kiko upande gani. Ndiyo sababu kipimo kimoja peke yake hakimwambii mtu mengi: 0.5 inaweza kutoka kwenye chanzo dhaifu kilicho karibu au kikali kilicho mbali. Wapimaji hupita eneo kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayepanda mahindi kwa kamba, wakiandika kila kipimo na mahali kilipochukuliwa. Pointi nyingi zikishachorwa kwenye ramani, kompyuta hujaribu kila mahali na kila ukali, na kuuliza: chanzo kingekaa wapi ili vipimo vyote hivi vipatikane kwa pamoja? Kadiri vipimo vilivyochukuliwa kutoka pande tofauti vinavyoongezeka, ndivyo majibu yasiyowezekana yanavyoondoka. Vipimo vya chini navyo ni habari. Mahali ambapo kifaa hakikupanda ni mahali pa kufuta kwenye ramani.

Mwili wa mpimaji na pazia la udongo

Kuna mbinu moja ya kale isiyohitaji kompyuta. Mpimaji hushika kifaa karibu na kifua, halafu hugeuka polepole mahali pamoja. Mwili wa binadamu una maji mengi na huzuia sehemu ya mionzi. Kipimo kinaposhuka kuliko pande zote, mwili umekaa kati ya kifaa na chanzo, yaani chanzo kiko mgongoni kwake. Hufanya hivyo sehemu mbili tofauti, huchora mistari miwili, na pale inapokutana ndipo pa kuchunguza.

Vizuizi ndivyo vinavyoharibu hesabu nzuri. Ukuta wa mawe, injini ya lori, rundo la vyuma, sanduku la risasi, vyote hupunguza mionzi upande mmoja na kuiacha upande mwingine. Kifaa kinaweza kusoma juu zaidi mbele ya mlango kuliko mbele ya ukuta, na mtu akafikiri chanzo kiko mlangoni, kumbe mlangoni ndipo mionzi ilipopata njia. Kwa hiyo nyumba huzungukwa pande zote kabla ya mtu kusema lolote.

Kama chanzo kimefukiwa, mpimaji hutafuta kwanza pale ambapo kipimo kiko juu kabisa, kisha husogea kando hadi kipimo kibaki nusu. Kama kusingekuwa na udongo, umbali aliosogea ungekuwa sawa na kina cha chanzo kutoka pale kifaa kilipo. Kwa kuwa udongo nao humeza mionzi, na kando mionzi hupita kwenye udongo mwingi zaidi, kipimo hushuka mapema kuliko hesabu inavyosema. Kina halisi basi ni zaidi ya hapo. Mchimbaji huambiwa asiamini namba hiyo kama mwisho wa safari.

Pale ambapo kila kitu kinalia

Turudi Mrima. Mahali ambapo ardhi yenyewe ina thoriamu, kutafuta kwa kusikiliza milio tu ni kama kutafuta mtu anayenong'ona ndani ya ngoma ya harusi. Kawaida iko juu, tena hubadilika kila baada ya hatua chache kulingana na mwamba ulio chini. Chanzo kidogo kilichopotea hapo kinaweza kufunikwa kabisa, na upande wa pili, mtu asiyejua jiolojia ya eneo anaweza kutangaza amepata hatari iliyofichwa kumbe amekanyaga jiwe.

Dawa yake ni kifaa kinachopima nguvu ya kila mwonzi badala ya kuhesabu idadi peke yake. Kila dutu ina alama zake, zinazopimwa kwa kipimo kiitwacho kiloelektronivolti. Seziamu-137 huonekana kwenye 662. Kobalti-60 ina alama mbili, 1,173 na 1,332. Potasiamu ya asili iko kwenye 1,461, na jamii ya thoriamu ina alama iliyo mbali juu, 2,615. Mvuvi wa Shimoni au Msambweni anaweza kuitambua boti ya jirani kwa mlio wa injini gizani, kabla haijaonekana, hata kama kuna boti nyingine tano. Kifaa hiki hufanya vivyo hivyo. Thoriamu ya Mrima hupiga kelele zake kwenye 2,615, na kama kuna seziamu iliyofichwa, itachomoza kwenye 662 ambapo mwamba hauna cha kusema kwa sauti kubwa.

Kifaa kilichodhaniwa ni kibovu

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa na kung'oa sehemu ya mashine ya kutibu saratani. Waliiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu-137 uliokuwa uking'aa rangi ya buluu gizani. Unga huo ulipendeza. Watu waliugawa kwa ndugu na majirani, wengine wakajipaka.

Watu walipoanza kuugua, mwanamke mmoja wa nyumba ile ndiye aliyeunganisha mambo. Tarehe 28 Septemba alikichukua kile chuma kwenye mfuko, akapanda basi, akakipeleka kwenye ofisi ya afya. Kesho yake mwanafizikia mmoja aliombwa msaada. Aliazima kifaa kutoka ofisi iliyokuwa ikitafuta madini ya urani, akakiwasha akiwa bado njiani kuelekea ofisi ya afya. Mshale ukaruka hadi mwisho, na kila alikoelekeza kifaa ulibaki pale pale. Akaona kifaa kimeharibika. Akarudi kuchukua kingine. Nacho kikafanya hivyo hivyo. Wakati huo zimamoto walikuwa wameshaitwa na walikuwa tayari kukitupa chuma kile mtoni. Alifika kwa wakati wa kuwazuia.

Watu wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 kati yao walipatikana na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye nguo.

Kisa hiki hufundisha mpimaji jambo ambalo mkazi naye anafaa kulijua: kila kifaa kina kikomo. Kilichotengenezwa kutafuta mionzi hafifu huzidiwa karibu na chanzo kikali. Baadhi ya vifaa vya aina ya Geiger vikizidiwa hushuka hadi sifuri na kunyamaza, jambo baya zaidi, kwa sababu kimya hicho hufanana na usalama. Wapimaji huwasha kifaa wakiwa mbali, huingia polepole, na hubeba kifaa cha pili chenye kikomo cha juu. Kifaa kikinyamaza ghafla, wanarudi nyuma.

Ukikuta kitu usichokielewa

Tuseme fundi wa jua kali Ukunda, au kijana anayekusanya vyuma Kinango, ameletewa kitu cha ajabu. Dalili za kutilia shaka ni hizi: ni kizito kupita ukubwa wake, kwa kuwa kimefunikwa kwa risasi, kina alama ya mapanga matatu kama pangaboi, mara nyingi meusi juu ya manjano, kina kufuli au shata dogo lisilo na kazi inayoeleweka, au kina joto bila kuwekwa motoni wala juani. Dalili hiyo ya joto isidharauliwe. Mwezi Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia nchini Georgia, wanaume watatu waliokwenda kutafuta kuni waliona vyuma viwili vimeyeyusha theluji pembeni yake. Wakavitumia kujipasha joto usiku. Vilikuwa vyanzo vikali vya mionzi. Wote watatu waliugua, wawili kati yao waliungua vibaya, na mmoja alifariki baada ya matibabu ya muda mrefu.

Usikifungue, usikikate kwa gesi, usikitie mfukoni wala kwenye gari ili ukipeleke kwa mtu. Rudi nyuma. Hapa ile hesabu ya koroboi inafanya kazi upande wako. Kitu kilicho sentimita moja kutoka kwenye ngozi yako hukupa mionzi mara 10,000 kuliko kikiwa mita moja. Ukirudi tena kutoka mita moja hadi mita 30, ambazo ni kama hatua arobaini za mtu mzima, inapungua mara 900. Mita 30 ndio umbali wa kuanzia unaopendekezwa kimataifa kwa watoa huduma ya kwanza, hadi wenye vifaa wafike na kusema usogezwe au upunguzwe. Zuia watoto na wapita njia, halafu piga 999 au 112, au mwarifu chifu.

Waliogusa wasitawanyike. Wanawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara, na wabaki karibu, nje ya zile mita 30, ili wapimwe. Aliyekwenda nyumbani kwa aibu au kwa hofu ya polisi huenda amebeba unga kwenye viatu hadi kitandani kwa watoto wake. Kinachotakiwa kwake ni habari: kitu kilitoka wapi, kilipita mikononi mwa nani, kilikaa wapi kila usiku. Kwa mpimaji, maelezo hayo huokoa siku nzima za kutembea.

Kuhusu nani hufanya nini, zimamoto na kukabili majanga ni jukumu la serikali ya kaunti, kwa hiyo mara nyingi gari letu ndilo litakalotangulia kufika. Kazi yake hapo ni kufunga eneo na kusubiri, si kuokota. Kupima, kutambua na kuondoa chanzo ni kazi ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia nchini, KNRA, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019. Vyanzo vilivyokwisha kazi au visivyo na mwenyewe vina kituo chake cha kitaifa cha kuhifadhiwa katika msitu wa Oloolua, Ngong.

Na utepe hauondolewi kitu kinapobebwa. Wapimaji husoma namba iliyochongwa juu yake kuhakikisha ndicho chenyewe, kama walivyofanya Australia, hukitia kwenye chombo cha risasi, kisha hurudi mahali pale pale na kupima upya, ardhi, mikono, viatu na vifaa, mpaka kifaa kirudi kwenye ile kawaida waliyoiandika asubuhi.